Naomba ushauri: antena janja kwa mnara wa 1800 MHz

Wakuu, habari za leo. Niko mwaka wa mwisho wa uhandisi wa mawasiliano. Mradi wangu ni antena janja: antena ndogo kadhaa kwenye safu moja, awamu zake (yaani mpishano wa mawimbi yake) zikirekebishwa ili nguvu imwelekee mteja badala ya kutawanyika. Nimeuchagua kwa sababu kwetu Lushoto milima inakata mtandao kweli kweli, na kuweka mnara kila bonde ni gharama kubwa mno.

Nina antena 4, zimeachana sentimita 8.3, yaani nusu ya urefu wa wimbi. Kinadharia napata nyongeza ya desibeli 6 hivi (nguvu karibu mara nne). Tatizo ni kwamba simu hutuma kwenye 1710–1785 MHz na kupokea kwenye 1805–1880, hivyo vipimo vya njia ya kupanda (simu kwenda mnarani) haviwezi kutumika moja kwa moja kwenye kushuka (mnara kwenda kwenye simu). Nikadirie pembe ya mteja, yaani upande mawimbi yake yanakotokea? Milimani mawimbi yanadunda, pembe zinakuwa nyingi. Au niandae miale michache (kila mmoja ukielekeza nguvu upande wake), mnara uchague iliyo bora? Naelekea hii ya pili.

Aliyewahi kuiga mazingira ya milima kwa programu huria, tafadhali anielekeze pa kuanzia.