MJADALA: Pesa za kuhifadhi historia zianze kwenye jengo la kale au kwenye kaburi la mwanamke lisilo na jina?

Mleta mada

Wakuu, salaam. Najua hoja hii itatugawa, lakini nimeibeba siku nyingi.

Popote watu wanapoamua kuhifadhi historia ya mahali pao, cha kwanza kutajwa ni jengo. Paa linavuja, ukuta umepasuka, tuchange. Makaburi hukumbukwa siku barabara inapotaka kupita juu yake. Na wanawake mashuhuri, wale walimu, wakunga, washairi na wafanyabiashara, huambulia mstari wa mwisho kwenye kibao, kama nafasi ikibaki. Mimi nasema tugeuze utaratibu: tuanze na makaburi na majina ya wanawake waliolala humo, jengo lifuate.

Jengo lina mwenyewe, lina hati, lina thamani sokoni. Hata likitelekezwa miaka ishirini, kuna mtu analitolea macho. Jiwe la kaburi, wajukuu wakishakufa, halina wa kulisemea.

Niliwahi kwenda makaburini jioni na kioo cha kujitazamia, kile cha kawaida cha ukutani. Kulikuwa na jiwe ambalo mchana linaonekana tupu kabisa. Nililinasia jua kwenye kioo, nikaupitisha mwanga ubavuni mwa jiwe, herufi zikaanza kuinuka zenyewe kwa vivuli vyao. Zilitoka "mke wa", kisha jina la mwanamume, kamili, na ukoo wake. Jina la mwenye kaburi lilikuwa chini, pale ambapo jiwe limemomonyoka. Ilibaki herufi moja ya mwanzo. Nilihangaika na kile kioo mpaka jua likazama, sikupata ya pili.

Msidhani ni mambo ya wanyonge peke yao. Pale Panthéon, Paris, Ufaransa inapowazika watu wake wakubwa, mwanamke wa kwanza kuingia ni Sophie Berthelot, mwaka 1907. Aliingia kwa sababu mumewe, mwanakemia Marcellin Berthelot, alifariki siku moja naye na familia haikutaka watenganishwe. Mwanamke wa kwanza kuingia kwa kazi yake mwenyewe ni mwanasayansi Marie Curie, 1995. Hesabuni wenyewe hiyo miaka.

Kisa kinachoniuma kuliko vyote ni cha Zora Neale Hurston, mwandishi wa Marekani. Mwaka 1945 alimwandikia W. E. B. Du Bois, msomi na mtetezi wa haki za Wamarekani weusi, akipendekeza Wamarekani weusi wanunue shamba huko Florida liwe makaburi ya watu wao mashuhuri, ili yeyote kati yao, hata akifa maskini, asilale mahali pasipojulikana. Pendekezo halikufika popote. Mwaka 1960 akafa yeye, hana kitu, akazikwa Fort Pierce, Florida, bila jiwe. Karatasi zake zilikuwa tayari zinachomwa moto pale polisi mmoja aliyemfahamu alipopita na kuzima. Jiwe aliwekewa na mwandishi mwenzake, Alice Walker, mwaka 1973. Mtu aliyeliona tatizo kabla ya wote, likamkuta yeye mwenyewe!

Naomba kuwasilisha. Mnaopinga, karibuni.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, nakuheshimu, ila umelionea jengo.

Unasema jengo lina watetezi. Beit al-Ajaib ya Zanzibar ilikuwa na watetezi wangapi? Imejengwa 1883, imo ndani ya Mji Mkongwe ambao ni urithi wa dunia tangu 2000, na bado tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake ya mbele iliporomoka ukarabati ukiwa unaendelea, watu wawili wakapoteza maisha. New York walibomoa stesheni yao kubwa ya Penn kuanzia 1963. Sheria ya kulinda majengo ya kihistoria ya jiji ikaja 1965, stesheni haiokoleki tena. Majina ya makaburini unaweza kuyanakili kwenye daftari. Jengo huwezi kulinakili.

Halafu unaongea kana kwamba jengo ni la wanaume. Ingia nyumba ya kale kwa mlango wa nyuma. Tazama ngazi nyembamba ya kuelekea jikoni, kila kidato kimelika katikati kwa nyayo za waliokuwa wanapandisha maji. Hakuna jiwe la kaburi litakalokuonyesha kazi ya mwanamke kwa namna hiyo. Ukibomoa upande wa jiko ukaacha sebule yenye nakshi, hapo ndipo unapomzika mara ya pili.

Na hilo jiwe la Hurston ulilolitaja lina mwaka usio sahihi. Limeandikwa kuwa alizaliwa 1901, kwa sababu ndivyo alivyokuwa akisema mwenyewe. Kumbukumbu zinaonyesha alizaliwa 1891. Sasa mtu akinakili jiwe tu na kwenda zake, amehifadhi nini?

Mchangiaji wa pili

Mimi niko tofauti na nyote wawili. Wafu waachwe wapumzike. Wengine imani yetu haitaki kaburi lijengewe wala lipambwe, na huyo bibi unayemtafuta huenda aliusia hivyohivyo. Unamheshimu kwa kumfanya kivutio?

Mchangiaji wa tatu

Nimefanya kazi za ukarabati kwa miaka, niseme kidogo.

Hii ya jengo dhidi ya kaburi ni mashindano ya bandia. Mkitaka ushahidi, Mount Vernon, nyumba ya George Washington, rais wa kwanza wa Marekani, iliokolewa na wanawake. Ann Pamela Cunningham alianzisha chama cha akina mama mwaka 1853, na mwaka 1858 wakakubaliana kuinunua kwa dola 200,000. Ila katika shamba hilohilo kuna makaburi ya watumwa, na hayakuwekewa alama yoyote mpaka 1929. Utafiti wa kuchunguza mahali kila kaburi lilipo ulianza 2014. Kwa hiyo mleta mada ana hoja: hata wanawake wakishika usukani, jengo hutangulia na makaburi ya wasio na jina hungoja.

Ninachogombana nacho ni neno "mashuhuri". Mashuhuri kwa nani? Mara nyingi ni yule ambaye familia yake ilimudu jiwe. Siti binti Saad anasikika leo kwa sababu alikwenda Bombay mwaka 1928 akarekodiwa. Wako waliokuwa na sauti kama yake na hawakufika kwenye mashine.

Tena jamani, mnaokwenda makaburini kwa nia njema, acheni brashi za waya na dawa za kung'arishia. Nimeona jiwe limesuguliwa mpaka likawa jeupe pee, na maandishi yakaenda na uchafu. Maji, brashi laini, subira. Na msizibe nyufa kwa saruji. Jiwe la kale na ukuta wa chokaa hupumua. Saruji ni ngumu kuliko vyenyewe, inafungia unyevu ndani, na baada ya misimu michache ya mvua kinachopasuka ni jiwe, saruji inabaki imesimama. Tumieni chokaa.

Mleta mada

Nashukuru wakuu, nimejifunza.

Wa kwanza, kuhusu mwaka wa uongo umenishika. Nakubali, jiwe ni shahidi mmoja na shahidi anaweza kudanganywa. Lilinganishwe na daftari la mazishi, la ndoa, la shule, na maneno ya wazee wakiwa bado hai. Hilo la ngazi ya jikoni nalo sikuwa nimelifikiria, nalichukua. Lakini kuhusu kunakili kwenye daftari, nani ananakili? Nilipeleka orodha ya majina niliyoyasoma kwa mkono wangu kwenye ofisi moja, nikaambiwa bajeti ya mwaka huo ni ya kupaka rangi jengo. Niliporudi baada ya masika, mawe mawili kati ya yale yalikuwa yameanguka kifudifudi. Rangi ingeweza kungoja.

Wa pili, sitaki kumjengea mtu aliyeusia asijengewe. Kuandika jina kwenye kitabu hakugusi hata punje ya udongo. Na kunyamaza nako kuna madhara yake. New York walichimba msingi wa jengo la serikali mwaka 1991 wakakuta makaburi ya Waafrika, watu 419 walifukuliwa, wake kwa waume na watoto wengi. Walizikwa upya 2003. Makaburi yale yalikuwa kwenye ramani za kale. Mji ulijengwa juu yake hata hivyo.

Wa tatu, neno "mashuhuri" nalifuta. Nabadilisha pendekezo langu: kabla ya shilingi ya kwanza kwenda kwenye paa la jengo lolote la kale, itoke orodha ya wanawake wote walioishi, kufanya kazi au kumiliki ndani yake, pamoja na walipozikwa, hata pale inapobidi kuandika "hajulikani". Wa kwanza, kwa sharti hilo bado unapinga?