Mgonjwa wa kansa ambaye ni mtu wa sala, mnamtia moyo vipi?

mdogo_mtu: Habarini wapendwa. Dada yangu ana kansa ya shingo ya kizazi, katoka Mbeya tuko naye hapa Dar anapigwa mionzi Ocean Road. Sasa grupu la jumuiya wanamtumia aya asubuhi mpaka usiku, nia yao njema sikatai, ila mara "Mungu hampi mtu mzigo asioweza kuubeba", mara "ungekuwa na imani usingeogopa", juzi mmoja kamwambia aachane na mionzi ashike maombi tu. Ameacha kuwajibu, simu anailaza kifudifudi. Jana kaniuliza kwani nimemkosea nini Mungu, nikabaki namtazama. Nimwambie nini jamani?

mzee_wa_Kihesa: Pole sana binti. Hilo swali usilijibu, hata Ayubu hakujibiwa. Wale rafiki zake mwanzoni walifanya la maana, walikaa naye chini siku 7 usiku na mchana bila neno, balaa lilianza walipofungua midomo kumtafutia dhambi, na mwisho wa kitabu Mungu anawakasirikia wao, sio yeye aliyelalamika sura na sura. Hiyo ya mzigo wanaitoa 1 Wakorintho 10:13 ila mstari ule unaongelea kujaribiwa, kansa haimo. Msomee Zaburi ya 13, inaanza na "hata lini". Ya 88 iache kwanza maana inaishia gizani kabisa, ingawa kuna wagonjwa wanaipenda hiyohiyo.

bintSalum: Mi muislamu ila naongezea. Nabii Yaakub alimlilia Yusuf mpaka macho yakawa meupe na bado ni Nabii. Mtume (s.a.w.) alipofiwa na mwanae Ibrahim alitokwa machozi watu wakashangaa. Kwetu ukienda kumuona mgonjwa unamwombea dua fupi, haukai sana, unaondoka. Mpe pole dada.

nesi_mstaafu: Huyo wa kuacha mionzi mblock leo leo!! Mionzi inaenda kwa ratiba, ukirukaruka siku unapunguza nguvu ya tiba, na maombi hayajawahi kugombana na mashine. Alafu wanaokuja kumuona wamuulize kwanza kama anataka kuombewa muda huo. Mionzi ya nyonga inaleta kuharisha na uchovu, nimeona watu wamezunguka kitanda wanaomba nusu saa nzima mgonjwa kabanwa na choo anaona aibu kusema.

Shujaa_wa_Imani: Napinga kidogo. Kinywa kina nguvu, mkimzoesha kulalamika atakata tamaa, mgonjwa anatakiwa akiri uponyaji, yaani atamke kwa imani kwamba amepona.

mzee_wa_Kihesa: Ndugu yangu, Yesu alijua kabisa anaenda kumfufua Lazaro na bado alilia hata kabla ya kufika kaburini. Sasa sisi tunamkataza nani kulia?

Shujaa_wa_Imani: Hapo sawa mzee, ila kukiri nako kupo.

mdogo_mtu: Asanteni sana. Nimemsomea hiyo 13 akasema rudia, nikarudia. Grupu nimeliweka kimya, salamu najibu mimi kwa niaba yake. Nesi hiyo ya kuharisha ndo ilivyo, ale nini?

nesi_mstaafu: Wali mweupe, ndizi mbivu, uji mwepesi, maji ya kutosha anywe kidogo kidogo. Maharage na mboga za majani apunguze kwa sasa. Na wakati wa mionzi wamwambie daktari, dawa ya kuzuia ipo, asione aibu.