Mrejesho: pampu zangu kutoka China zimeshafika Moshi

Wakuu, niliuliza kwa nini pampu zangu za umwagiliaji, kwenye kontena la kuchangia, zimetoka Ningbo na Dar hazionekani.

Aliyesema nikague bandari ya kati alilenga. Meli ya kwanza iliishia Colombo, Sri Lanka, kontena likashushwa kusubiri meli nyingine. Wakala yeye ni "ipo njiani bosi" kila nikipiga! Nilijua baada ya kuingiza namba ya kontena kwenye tovuti ya wenye meli.

Dar nako likazuka jipya: jina langu kwenye hati ya shehena (bill of lading, karatasi ya meli inayoonyesha mzigo ni wa nani) limerukwa herufi moja, halifanani na la TIN, namba yangu ya mlipakodi. Kusahihisha kukala siku, huku tozo za kuhifadhi zinatembea. Sasa nadai rasimu ya hati nisome kabla meli haijang'oa nanga. Upande wa TBS, shirika la viwango, hakukuwa na shida, maana pampu zilikaguliwa kulekule China kabla ya kupakiwa.

Oda ijayo naiwahisha. Mwaka Mpya wa Kichina ukikaribia viwanda hufungwa na meli hujaa.

Mbili tumeshazifunga Kahe. Aliyeuliza bei ya Fuso Dar–Moshi, njoo inbox.