Mshahara wote unaishia kwenye mikopo, nitokaje hapa wakuu?

Habari za muda huu wakuu. Niko Dodoma mjini, Nkuhungu, nina mke na mtoto bado ananyonya. Kazi yangu ulinzi, naingia saa 12 jioni natoka saa 12 asubuhi, mshahara 250,000. Mwaka jana mama aliumwa tukamtoa Mpwapwa kumleta kutibiwa huku mjini, mikopo ilianzia hapo na mpaka leo haijanitoka.

Iko hivi. Kuna 300,000 ya hawa jamaa wa kausha damu, riba asilimia 20 kwa mwezi, kadi yangu ya benki wanayo wao na namba ya siri wanayo, mshahara ukiingia wanatoa 60,000 yao ndo wananipigia nikafate inayobaki, na hiyo 60,000 ni riba tu, ile 300,000 ipo palepale. Kuna mikopo miwili ya kwenye simu jumla 120,000, hao ndo wameshawatumia meseji ndugu zangu wote mpaka mkwe kwamba mimi ni tapeli. Kuna 200,000 ya kikoba cha wife, kikao Jumapili na siku hizi anajifanya anaumwa ili asiende. Na kwa mangi 45,000. Chumba nalipa 40,000.

Sasa jamaa mmoja kazini ananiambia nikope 700,000 sehemu moja nifute vyote nibaki na deni moja, mwingine anasema nichukue boda ya mkataba nipige mchana. Naombeni mawazo, ila msinitukane maana matusi ya wale wa kwenye simu yananitosha.

Dereva wa Nanenane

Pole mkuu. Hiyo 700,000 ukiipata kwa riba kama hiyohiyo ya asilimia 20 ni 140,000 kwa mwezi kabla hujagusa deni lenyewe, mshahara 250,000, utakula nini? Huyo jamaa muulize yeye anadaiwa shi ngapi.

Na boda achana nayo. Mimi nimeendesha. Umekesha usiku kucha halafu saa nane mchana uko barabara ya Singida na malori, jua la Dodoma unalijua lilivyo, utasinzia tu, hutaki unataka. Na hesabu ya bosi 10,000 kila siku haijui kama umelala au mtoto anaumwa, siku mbili hujapeleka tayari umeongeza mdai mwingine kwenye listi yako.

Zamani Afisa Mikopo

Nimefanya hizi kazi za mikopo kwahiyo nisikilize vizuri. Hizi taasisi ndogo zinazokopesha bila kupokea amana za watu zinasimamiwa na Benki Kuu (BoT) chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, na ukomo wa riba waliowekewa ni asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa 300,000 yako hiyo ni 10,500. Wewe unatoa 60,000! Kwahiyo kwanza angalia kama hao watu wana leseni, orodha ya wenye leseni ipo kwenye tovuti ya BoT.

Pili hiyo kadi. Namba ya siri ni ya kwako peke yako, hupaswi kumpa mtu yeyote. Nenda tawi la benki yako omba kadi ibadilishwe. Ila usifanye kimyakimya kama mtu anayekimbia deni, wafate kabla mshahara haujaingia, waombe mkataba na karatasi inayoonyesha ulichokwisha lipa mpaka leo, halafu wapelekee pendekezo lako kwa maandishi kwamba kwa mwezi utatoa kiasi fulani na sehemu yake ipunguze deni la msingi, nakala ubaki nayo. Wakigoma au wakikutisha, BoT wana tawi hapahapa Dodoma na wana dawati la malalamiko, unaenda na hizo karatasi zako. Bila karatasi utapiga stori tu pale.

Hao wa kwenye simu, Novemba 2024 BoT walitoa orodha ya aplikesheni na majukwaa 69 yanayokopesha bila leseni, hebu angalia kama wako wamo. Kuwatumia ndugu zako meseji za kukudhalilisha ni kosa lingine, hilo unaweza kulipeleka Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, sheria yake ni ya 2022. Piga picha hizo meseji zote sasa hivi kabla hazijafutwa.

Mtoto wa Kizota

Mzee umeongea vizuri ila hawa wa mtaani kwetu leseni yao ni kibao cha mlangoni tu 😂

Mama Wawili Chang'ombe

Mdogo wangu, hao wanaume hapo juu wamesema ya kwao, mi naongelea kikoba. Mwambie mkeo Jumapili aende. Mtu asiyeonekana kikaoni ndo anasemwa, ndo wadhamini wake wanaanza kuja na vyombo vyao vya kubebea kochi. Anayesimama akasema jamani nimekwama nipunguzieni rejesho, mara nyingi wanamsikiliza, na kama kikoba chenu kina mfuko wa jamii aulize, ule mfuko ni wa misiba na magonjwa, na nyie mlikuwa na mgonjwa.

Halafu mkeo akae na chapati. Hapo Nkuhungu nyumba zinajengwa kila kona, mafundi saa nne wanataka chai. Mimi ngano kilo mbili inanitolea chapati 25, naziuza 400, ni 10,000. Ngano 3,600, mafuta 2,000, mkaa 1,000, inabaki 3,400, na unga nakanda usiku nafunika, asubuhi ni kusukuma tu. Usianze na kilo tano kwa tamaa, zikibaki mtakula chapati mchana na jioni mpaka mzichukie. Na mafundi usiwakopeshe, wanalipwa Jumamosi na Jumamosi huwaoni.

Mkulima Kongwa

Mchongo ni mahindi. Nunua Kibaigwa msimu wa mavuno, weka kwenye mifuko ya kinga njaa, ile isiyopitisha hewa, haihitaji hata dawa, uza kuanzia Desemba bei ikipanda.

Dereva wa Nanenane

Mkuu mtu ana deni kwa mangi unamwambia anunue gunia akae nalo miezi sita?

Mkulima Kongwa

Sawa, akishapumua basi.

Binti Ipagala

Kuna mtu atakuja kukwambia uchukue ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri. Ni mizuri, haina riba, 4 wanawake 4 vijana 2 wenye ulemavu, ila ni ya vikundi na ni ya biashara, ukienda nayo kulipa kausha damu umewaingiza wenzio shimoni. Chapati zikisimama mkeo atafute wenzake, aanze kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Kuku pia sikushauri kwa sasa, mdondo ukipita na hukuchanja unaamka banda lote liko chini.

(Mwenye mada)

Nashukuru sana wakuu, boda nimeiacha na ile 700,000 nimemwambia jamaa hapana. Kesho nikitoka lindo napitia benki kuuliza habari ya kadi halafu naenda kwa hao jamaa kuomba mkataba maana kweli sina nakala. Wife kakubali kikao ila anasema tuende wote. Mama Wawili, jiko la mkaa tunalo, kikaango cha chapati hatuna, pale Majengo kinauzwaje?

Mama Wawili Chang'ombe

Usinunue kwanza. Una sufuria pana zito? Anza na hilo, moto uwe mdogo, kikaango kitanunuliwa na chapati zenyewe. Na Jumapili wewe nenda ila mwache aongee yeye, mwanachama ni yeye.