Mrejesho: Tatizo la diski kujaa limekwisha, sasa nipo kwenye Ubuntu 24.04

Nawashukuru mliojibu swali langu la juma lililopita, nilipoeleza kuwa kupandisha toleo la Ubuntu, mfumo endeshi wa kompyuta yangu, kutoka 22.04 kwenda 24.04 kulikwama kwa madai kwamba diski imejaa, ilhali patisheni kuu (sehemu kubwa ya diski) ilikuwa na gigabaiti 40 tupu. Mlioniambia nitazame /boot, sehemu ndogo ya diski yenye faili za kuwashia mfumo, mlikuwa sahihi: amri ya df -h, inayoonyesha nafasi iliyotumika, ilionyesha imejaa 100%, kwa kuwa siku ya kusakinisha niliitengea megabaiti 512 tu, na kerneli (viini vya mfumo) za zamani zilikuwa zimerundikana humo, kila moja na faili lake la initrd (linalosaidia mfumo kuwaka) lenye zaidi ya megabaiti 100. Hata apt autoremove, amri ya kuondoa vifurushi visivyohitajika tena, iligoma, maana kulikuwa na kerneli iliyosakinishwa nusu. Kwa hiyo nilihakikisha kwanza kwa amri ya uname -r ni kerneli ipi inayotumika (hapo mkono ulitetemeka kidogo), nikaondoa mbili kongwe pamoja na moduli zake (vipande vyake vya ziada) kwa amri ya dpkg --purge, kisha apt -f install, inayorekebisha usakinishaji uliokwama, ikamalizia iliyobaki. Baada ya hapo do-release-upgrade, amri ya kupandisha toleo, ilikwenda bila kulalamika, na /boot sasa imejaa 61% tu.