Mtu akijua hatambuliki ndo anageuka mnyama, au kosa la anaemtuma?

Kijana wa Darajani:
Asalam aleikum wanabaraza. Juzi Darajani kashikwa kijana na simu ya watu, hajajieleza ngumi zishamiminika, na katika wapigaji nikamuona jirani yangu mpole kabisa, hata kuku hachinji mwenyewe. Akatoka mzee mmoja wa duka la khanga akasema kwa sauti "muacheni, mpelekeni polisi" wakaacha, tena wengine wakajifanya wapita njia! Sasa suali langu, kinachotutoa utu ni kule kujificha ndani ya kundi au kukosa mtu wa mbele? Na mji ukikosa mtu wa mbele si ndo unakwisha?

Ticha mstaafu:
Waaleikum salam. Kujificha kuna nguvu yake mwanangu. Marekani mwaka 1976 ulitoka utafiti wa watoto zaidi ya 1,300, usiku wa sikukuu yao wanavaa vinyago wanapita nyumba kwa nyumba, wanaambiwa chukueni pipi moja moja. Waliokuja kwa makundi bila kuulizwa majina waliiba zaidi ya aliekuja peke yake akataja jina, na waliozidi wote ni wale walioambiwa lawama atabeba huyu mdogo wenu. Angalia hapo, mtu mzima kashawatafutia wa kumtupia dhambi, basi tena.

Mie wa Michenzani:
Ticha unatupa pipi na huku tumeona mazombi 😂 Uchaguzi wa Zanzibar wa 2015 ulipofutwa mpaka marudio ya Machi 2016, watu wamefunika nyuso wanateremka kwenye magari wanapiga raia. Sawa kavaa soksi usoni, lakini soksi hainunui petroli. Na Rwanda 1994 nani alijificha? Jirani kamuua jirani mchana, wanajuana majina na watoto wao, redio RTLM inahimiza na viongozi wa mitaa wanapanga nani aende wapi. Kwa hio kinyago ni ziada tu, mwenye kosa yule anaetuma.

Mvuvi Kojani:
Yakhe mie nakaa dago, kambi ya wavuvi mbali na kwetu, miezi, hakuna sheha wa mtaa hakuna polisi na hatujauana. Kuna vijana sita wa skuli Tonga, visiwa vya bahari ya Pasifiki, 1965 walichukua mashua ya watu bila ruhusa, dhoruba ikawatupa kisiwa cha 'Ata, wakakaa kama mwaka na miezi mitatu. Walipangiana zamu wawili wawili, moto hawakuuacha ukazimika, wakigombana kila mmoja anakwenda upande wake mpaka hasira zishuke, na mmoja alivunjika mguu wakamfunga vijiti ukaunga. Hakuna mkubwa aliewatuma wala aliewazuia.

Kijana wa Darajani:
Lakini hao sita wanajuana kaka, utakula na mwenzio kesho uso utauweka wapi. Mjini mtu anapanda daladala anashuka keshapotea.

Mvuvi Kojani:
Ndo hapohapo. Dago nahodha akikosea tunamwambia usoni, na samaki wakikosekana halali na njaa mmoja wetu peke yake, sote tunalala nayo yeye na sisi.

Mie wa Michenzani:
Sasa huyo nahodha wako mnakula nae sinia moja. Anaetuma watu wapige mitaani usiku, nani kati yetu keshakula nae?