Mwembe umelalia bati, Ujiji: nani anapunguza matawi?

MwanaUjiji: Wakuu habarini, nina mwembe mkubwa nyuma ya nyumba tawi moja limelalia bati na mvua za Novemba ndo hizo zinakuja, niite fundi wa chensoo au vijana wa panga wanatosha?

Mzee wa Kazuramimba: Ita fundi, mkuu, tena mwenye kamba. Aanze kukata kidogo kwa chini ndo amalizie juu, la sivyo tawi linachana gome mpaka kwenye shina na mti unaoza. Lifungwe kamba lishushwe taratibu.

Binti Gungu: Kama waya wa umeme unapita hapo msiguse kabisa, waiteni TANESCO kwanza jamani, watu wanakufa!!

MwanaUjiji: Waya upo kweli dada, kesho naenda ofisini kwao.